Maji Yaliyompandisha Mama

Mama yangu aliishi London miaka mingi bila kushangazwa na kitu. Alipofika mara ya kwanza tulimtembeza kama watu wote wanavyotembeza wazee wao. Tukampeleka kuona mto, na daraja linalofunguka katikati, na majumba ya vioo yanayopotelea mawinguni, na kila mahali alisimama akiangalia kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. "Haya," alisema. "Twendeni." Theluji yake ya kwanza aliitazama kupitia dirisha la kwake Woolwich, akauliza kama nguo zitakauka. Ikawa mzaha katika ukoo wetu. Mtu akinunua gari, au akimaliza kujenga nyumba Unguja, huulizwa, "Mama umemwonyesha? Kasemaje?" Na jibu ni lile lile: kasema haya.

Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Nilidhani mtu aliyeondoka kwao Pemba akiwa na watoto na kifurushi, akaanza upya Mombasa, kisha akaanza upya tena nchi ya baridi, ameshatumia mshangao wake wote.

Kisha akaanguka jikoni kwake. Nyonga ilivunjika, akatiwa chuma, akalala hospitali, na alipotoka tukaambiwa zile ngazi za jengo lake hataziweza tena. Nikamhamishia kwangu Kilburn, kwenye fleti ya chini. Kwenye ramani Woolwich na Kilburn ni mji mmoja, lakini kwa mwanamke mwenye mkongojo ni nchi mbili. Kule alikuwa na soko lake, na mwuza samaki aliyemwekea vichwa vizuri, na shoga zake wa Kiunguja na Kipemba ambao Alhamisi walikusanyika kusoma Kurani, kunywa kahawa na kuwasema watoto wao. Kwangu alikuwa na dirisha linaloangalia mapipa ya taka. Mimi kazi yangu ni ya ofisini, kwenye kliniki, kupanga miadi ya wagonjwa. Nilikuwa nikirudi jioni namkuta amekaa pale pale nilipomwacha, na chai niliyomwachia imepoa bila kuguswa. Hakulalamika, na ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu Mama ni mtu wa kulalamika.

Binti yangu wakati huo alikuwa amemaliza chuo, akapata kazi ya mwaka mmoja ya kusaidia kufundisha Kiingereza kwenye skuli ya mji mdogo kaskazini mwa Uhispania. Amezaliwa London huyu. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha mafumbo, lakini hujibu kwa Kiingereza. Yeye na bibi yake wamezungumza hivyo tangu alipoanza kusema, kila mmoja kwa lugha yake, na sijapata kuwaona wakishindwa kuelewana.

"Mlete Bibi huku," aliniambia kwa simu. "Ni tambarare tupu, hakuna vilima. Atatembea. Kuna mfereji wa zamani, mzuri sana."

Nikamfikishia Mama ujumbe. Sasa, msomaji wa bara huenda asijue kwamba kwetu sisi visiwani mfereji ndio bomba la maji, lile la kufungua na kufunga. Mama aligeuka dirishani akaniangalia kwa muda.

"Nipande ndege nikaangalie mfereji? Kwani hapo jikoni hamna?"

"Si mfereji huo, Mama. Ni kama mto, ila umechimbwa na watu."

"Mto haujawatosha?"

Lakini alikubali. Alisema anakwenda kumwona mtoto anakula nini. Akanituma nikamnunulie iliki na unga wa mchele, akapika mkate wa kumimina siku moja kabla ya safari, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusimama jikoni kwangu.

Tulifika mwezi wa Mei. Basi lilitupitisha kwenye uwanda ambao sijapata kuuona mfano wake. Ngano ya kijani pande zote mpaka pale mbingu inapoanza, na upepo ukiilaza na kuiinua kama mtu anayepapasa manyoya ya paka. Hapa na pale maua mekundu madogo. Kijiji, kisha hakuna kitu, kisha kijiji. Mji wenyewe ulikuwa na rangi ya udongo kwa sababu nyumba nyingi zilijengwa kwa udongo, na juu ya mnara wa kanisa korongo walikuwa wamejenga viota vikubwa kama matenga, wakigonganisha midomo kwa sauti ya mtu anayetwanga haraka haraka. Binti yangu alikuwa akitusubiri kituoni. Alimkumbatia bibi yake, akambusu mkono. Mama akamshika mashavu, akasema amekonda, ingawa hakukonda.

"Umeuonaje mji, Bibi?" mtoto aliuliza kwa Kiingereza chake.

"Haya," alisema Mama.

Binti yangu alipanga juu ya duka la mikate, na mwenye duka, mjane wa umri wangu mwenye mikono imara, alikuwa ameshatutengea chumba cha chini nyuma ya tanuri ili Mama asipande ngazi. Chumba kilikuwa na joto la mkate. Mama alimpa kipande cha mkate wa kumimina. Mwanamke yule alikinusa, akala, akafumba macho, akaondoka na kipande cha pili bila kuomba. Kutoka hapo wakawa marafiki, hawana hata neno moja wanalolijua wote wawili.

Siku ya kwanza tulitembea kando ya mfereji. Ulipita nyuma ya mji, ng'ambo ya nyumba za mwisho: maji mapana, ya kijani, yametulia, na miti mirefu myembamba imepangwa kila upande kama watu waliojipanga kupokea maiti ya mtu mkubwa. Kando yake palikuwa na njia ya vumbi, na binti yangu alitueleza kwamba hapo walikuwa wakipita nyumbu, wamefungwa kamba, wakivuta mashua zilizojaa ngano. Wafalme wa zamani walitaka kuitoa ngano ya uwanda huu waifikishe baharini kwa maji. Wakachimba vizazi kwa vizazi. Milima ikawashinda, bahari hawakuifikia, na baadaye treni ikaja ikachukua mzigo. Mfereji ukabaki.

Mama alitembea polepole na mkongojo wake. Alipendezwa zaidi na nyumba za njiwa, majengo ya udongo ya mviringo yaliyosimama peke yake mashambani, mengine yameshaporomoka upande mmoja hadi unaona ndani vishimo vya viota, safu juu ya safu. Akaweka kiganja kwenye ukuta. "Udongo na majani makavu," alisema. "Huu naujua." Akaendelea kutembea.

Tukafika mahali ambapo mfereji unashuka. Sijui niseme vipi. Ardhi inatelemka ghafla, na maji hayawezi kutelemka na mashua juu yake bila mashua kuvunjika, basi wale watu wa zamani walijenga vyumba vinne vya mawe, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kina umbo la yai na kina kirefu mno. Mashua iliingia chumba cha juu, mlango ukafungwa, maji yakatolewa mpaka mashua ikashuka, mlango wa chini ukafunguliwa ikaingia chumba cha pili, hivyo hivyo mpaka chini. Sasa milango mingine imeondolewa na maji yanaanguka kutoka chumba hadi chumba kwa ngurumo iliyotutetemesha miguu. Mawe yamechongwa yakakaa sawasawa hata wembe haupiti katikati. Nilisimama ukingoni nikahisi kizunguzungu, si cha urefu tu. Mtu mmoja alikaa chini akafikiria kuyajengea maji ngazi, na wengine wakazichonga jiwe kwa jiwe.

Nilimgeukia Mama. Alikuwa amerudi nyuma, mbali na ukingo, ameshika shina la mti.

"Tuondoke hapa," alisema.

Nilidhani amechoka.

Kesho yake mwenye duka la mikate alitupakia kwenye gari lake la kusambaza mikate vijijini. Mama alikaa mbele kama bibi harusi. Mimi na binti yangu tulikaa nyuma juu ya matenga matupu. Kila kijiji alipiga honi, akina mama wakatoka na mifuko ya nguo, na kila mmoja aliinama dirishani kumwangalia mgeni aliyevaa kanga juu ya koti. Mwisho wa mzunguko wake alituteremsha kwenye daraja, akatuonyesha kwa kidole, naye akatelemka, akajipangusa unga mikononi.

Kwa mbali lilikuwa daraja la mawe la kawaida, lenye matao, linalovuka mto. Tulipolikaribia ndipo nilipoona kwamba juu ya daraja hapakuwa na barabara. Palikuwa na maji. Mfereji wote, na upana wake, na majani yanayoelea, ulikuwa ukipita juu ya daraja, na chini yake, kwenye matao, mto wa kweli ulikuwa ukikimbia kwa kelele kuelekea upande mwingine kabisa.

Mama alisimama. Akachungulia chini. Akaangalia juu. Akachungulia chini tena.

"Haya ya chini yanakwenda wapi?"

"Ni mto, Mama. Unakwenda zake."

"Na haya ya juu?"

"Ni ule mfereji wetu wa jana."

"Na hayagusani?"

"Hayagusani."

Upepo ulikuwa ukimpepea mtandio, hakuushika. Kisha akasema, polepole, kama anayelionja neno, "Subhanallah." Akatafuta jiwe akakaa. Binti yangu aliniangalia akafungua macho yake yote, maana yeye amekua na ule mzaha wa haya, na hakuwahi kumsikia bibi yake akimsabihi Mungu kwa kitu alichoonyeshwa na watu.

"Miye nimebeba maji kichwani tangu sijajua kuvaa kanga," alisema Mama, akimwambia mwenye duka la mikate, aliyemsikiliza kwa makini kama anaelewa. "Ndoo mbili asubuhi, na jioni tena. Najua uzito wake. Maji ni mazito kuliko mawe, kwa sababu mawe hayatikisiki. Sasa hawa wameyabeba yote haya wakayavusha mto bila kumwaga." Akanigeukia. "Nani waliouchimba mfereji huu?"

Binti yangu akamwuliza mwenye duka kwa Kihispania, akaniambia kwa Kiingereza, nami nikamfikishia Mama kwa Kiswahili. Tulifanya hivyo safari nzima, na mara nyingi maneno yalimfikia Mama yameshachoka njiani. Haya hayakuchoka. Wachimbaji walikuwa wakulima wa hapa, na wanajeshi, na kuna wakati walileta wafungwa, wamefungwa minyororo, na wengi walikufa kwa homa wakazikwa huko huko kandokando.

Mama aliweka mkongojo chini. Akainua mikono akaomba. Si kwa urefu, na sikusikia aliomba nini, maana alisoma moyoni. Sikumwuliza kama dua hiyo inawafaa watu wa dini nyingine; sikuona ni swali la kuulizwa pale. Mwenye duka la mikate alisimama pembeni amefumbata mikono yake yenye unga, kichwa ameinamisha. Alipomaliza kujipangusa uso, Mama alimshika mkono yule mwanamke ili ainuke.

Jioni, kando ya tanuri, nilimsikia akimtumia shoga yake wa Woolwich ujumbe wa sauti. Alikuwa hajamtumia mtu ujumbe tangu ahamie kwangu. "Mwenzangu, leo nimeona maji yamempanda maji mwenzake mgongoni, wala hayakusemeshana. Nikirudi n'takueleza. Usimwambie mtu bado, watasema nimeanza kuzeeka."

Siku ya tatu ilikuwa ya mashua. Kwenye sehemu moja ya mfereji kuna chombo bapa cha watalii kinachokwenda mpaka kwenye mojawapo ya vile vyumba vya maji ambavyo bado vinafanya kazi, kinashushwa, kinatembea kidogo, kisha kinarudi na kupandishwa. Mama alitazama kile chumba, kuta zake zikiteremka kwenye giza, akakataa.

"Siingii shimoni."

Hakutaka kusema zaidi. Basi tukaamua binti yangu apande peke yake, na sisi wawili tumwangalie kutoka juu. Chombo kikaingia chumbani polepole na watu wake wachache. Mlango mkubwa ukafungwa nyuma yao. Mwanzoni binti yangu alikuwa usawa wetu, tungeweza kumpa kikombe cha chai. Kisha maji yakaanza kupungua.

Mama akanikamata mkono. "Anazama."

"Hazami, Mama. Wanayatoa maji kwa chini."

"Anazama. Angalia kichwa chake."

Ni kweli kwamba kichwa chake kilikuwa kikiwa kidogo. Kuta zilikuwa zikitokea pande zote, zimelowa, nyeusi, na chombo kikawa kinakwenda chini kati yake kama kikombe ndani ya kisima. Kucha za Mama zilikuwa zimeniingia mkononi. Ghafla akapiga kelele, sauti ambayo sikujua kama bado anayo.

"Mwanangu! Panda! Panda juu!"

Watalii wote wakainua nyuso. Binti yangu akapunga mikono, akaita kwa Kiingereza kwamba yuko salama, lakini mwangwi wa kuta uliyachanganya maneno. Nikaona anafikiria. Kisha kutoka kule chini ikapanda sauti yake, kwa Kiswahili, cha kwanza nilichomsikia akikitoa mwenyewe bila kulazimishwa.

"Mimi sawa, Bibi! Mimi sizami! Maji anashuka!"

Mama akainama ukingoni.

"Yanashuka!" akamjibu kwa kelele. "Maji *ya*nashuka!"

"Maji yanashuka!" ikarudi sauti.

"Ehee," alisema Mama, sasa kwa sauti ya kawaida, na vidole vyake vikalegea mkononi mwangu. "Yanashuka." Akasimama akitazama maji yanavyoshuka kweli, ubavuni mwa jiwe, alama ya unyevu ikiachwa nyuma. Mlango wa mbele ukafunguka taratibu, mwanga ukaingia kule chini kama pazia limevutwa, na chombo kikatoka kwenda zake, na mtoto wetu mkiani akipunga mkono.

Mama hakusogea mpaka chombo kilipopotea penye kona.

"Kikirudi kitapita hapa hapa?"

"Hapa hapa. Ila kurudi kitapandishwa."

"Kwa kitu gani? Kwa winchi?"

"Kwa maji tu, Mama. Wanayaingiza, yanakinyanyua."

Akafikiria. Kisha akaanza kushuka ile njia ya mteremko iliyo kando, mkongojo mbele, bila kuniambia tunakwenda wapi. Kule chini palikuwa na gati dogo la mbao. Tukasubiri. Chombo kiliporudi, Mama alimnyooshea nahodha mkono kama anayesimamisha basi la Kilburn. Nahodha, kijana mpole mwenye ndevu, akasimama. Yeye na binti yangu wakamwingiza Mama, mmoja kila upande, nami nikafuata nyuma na mkongojo.

Tukaingia chumbani. Mlango ukafungwa nyuma yetu, na jua likakatika. Palikuwa na baridi ya ndani ya ardhi. Kuta zilipinda kutuzunguka, zimefunikwa ukoga wa kijani na vijani vidogo vilivyoota kwenye viungo vya mawe, na juu kabisa, mbali, palikuwa na kipande cha mbingu chenye umbo la yai. Kwenye mawe mengine niliona alama zilizochongwa, msalaba, mshale, nusu mwezi. Kila fundi aliweka yake, mtembezaji wa watalii aliyekuwa chomboni alisema, ili lijulikane jiwe la nani. Nyuzi nyembamba za maji zilipenya kwenye mlango wa juu, zikilia.

Kisha maji yakaanza kuchemka chini yetu. Yalitoka chini, si juu, yakivimba kama uji, na chombo kikatikisika kidogo, kikatulia, kikaanza kupanda.

Mama alikaa karibu na ukuta. Aliunyoosha mkono akaugusa, na kadiri tulivyopanda vidole vyake vilitelezea jiwe, kisha kiungo, kisha jiwe jingine. Hakuuondoa.

"Baba alikuwa anashuka kisimani," alisema. Hakumwambia mtu hasa. "Kiangazi maji yakikauka walimfunga kamba wakamshusha akachimbe zaidi. Miye mdogo, nalala kifudifudi pembeni, namwangalia. Kichwa chake kinakuwa kama embe, kisha kama ndimu, kisha hakionekani tena. Namsikia anachimba tu. Kila mara nilijua harudi."

"Akarudi?" binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo.

"Alirudi kila mara. Kafa kitandani mwake, mzee. Lakini miye siku zote nilikuwa juu. Sikupata kujua kule chini kukoje." Akaangalia juu, lile yai la mbingu likipanuka. "Kumbe ndiko huku. Ndivyo alivyokuwa akituona."

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nimeishi naye maisha yangu yote. Babu yangu nilimjua kwa picha moja tu, amekaa kitini amevaa kofia, na sasa nikamwona ndani ya ardhi, amesimama kwenye maji ya magoti, ameinua uso kumtafuta mtoto wake.

Tukapanda. Ukoga ukaisha, mawe yakawa makavu, ya manjano. Mwanga ukatugusa nywele, kisha nyuso. Macho yetu yakafika usawa wa nyasi, na kwa muda mfupi sana niliona ardhi kama mdudu anavyoiona: mashina ya nyasi, kipepeo, viatu vya watu waliosimama ukingoni, na nyuma yao ngano, ngano, ngano mpaka mbinguni. Kisha tukawa juu. Maji yakatulia kimya, kana kwamba hayakufanya kitu.

Mama alikuwa analia na kucheka. "Yametupandisha," alisema. "Yametubeba yenyewe." Alimshika nahodha mkono, akamshukuru kwa Kiswahili kirefu, na yule kijana akaitikia kwa kichwa kila neno.

Siku ya mwisho tulikwenda ziwani. Si ziwa la kina. Ni maji mapana ya magoti yaliyolala katikati ya uwanda, matete pembeni, na vyura wakipiga kelele hata huwezi kusikilizana. Mwenye duka alituambia kwamba ujana wa baba yake ziwa hili lilikaushwa lote ili palimwe. Wakalima. Ndege wakaondoka, na udongo wenyewe haukuzaa vizuri. Baadaye watu wengine wakaamua kurudisha maji, wakayaleta kutoka kwenye mfereji ule ule, na majira yaliyofuata ndege wakaanza kurudi, hakuna aliyewaita. Tulikaa kwenye kibanda cha mbao tukiwaangalia. Bata wa kila namna, ndege wembamba wenye miguu mirefu myekundu wakitembea juu ya vivuli vyao, na tai mmoja wa matete akipita chini chini, na kila alipopita kundi zima liliinuka kwa pamoja, maelfu, likageuka hewani, likawa jeupe, likawa jeusi, likashuka tena. Mama aliuliza walijuaje. Binti yangu alisema wataalamu wana maelezo yao. "Wayaseme," Mama alijibu, bila kutoa macho kule. "Niko papa hapa." Tulipomwambia wakati umefika wa kuondoka alituomba tumwache kidogo, na tukamwacha, basi la kwanza likatupita.

London tulirudi kwenye mvua. Nilihofia lile dirisha. Lakini asubuhi ya Jumamosi ya kwanza Mama alikuwa amevaa koti kabla sijaamka, ameketi kitandani na mkongojo magotini.

"Mtoto kanipigia simu. Kasema hata hapa upo. Mfereji. Kasema basi la hapo nje linakwenda."

Nami, niliyekaa Kilburn miaka yote hiyo, sikujua. Nilikuwa nimeupita juu ya madaraja mara nyingi nikiwa nimeinamia simu. Tukapanda basi, tukashuka Camden, na chini kidogo ya ule msongamano wa vibanda vya nguo na harufu ya vyakula vya dunia nzima, palikuwa na maji, na mlango wa maji, mweusi, mkubwa, wenye boriti ndefu ya mbao iliyotokeza nchi kavu kama mkono. Mashua nyembamba, yenye vyungu vya maua juu ya paa, ilikuwa imeshashushwa ndani ya chumba inangoja kutoka. Mke wa mwenye mashua, mzungu wa makamo, alikuwa ameegemeza mgongo kwenye boriti akisukuma kwa nguvu zake zote ili mlango ufunguke. Huku hakuna mashine. Ni watu.

Boriti haikusogea. Yule mama akapumua, akacheka, akatuangalia.

"Anataka msaada," Mama akaniambia.

"Mama, nyonga yako."

"Sitasukuma kwa nyonga. Shika hiki." Akanipa mkongojo. Akaenda akasimama kando ya yule mwanamke, akageuka, akaweka mgongo wake kwenye boriti kama alivyomwona mwenzake ameweka. Nami nikauegemeza mkongojo ukutani, nikaenda kusimama upande wake wa pili.

Tukasukuma. Kwanza ilikuwa kama kusukuma nyumba. Kisha nikahisi kitu kinalegea mahali fulani chini ya maji, kidogo sana, na lile lango zima, na uzito wote uliokuwa nyuma yake, likaanza kutembea nasi, hatua moja, na nyingine, kwa ulaini ambao mpaka sasa siuwezi kuueleza, na Mama katikati yetu akirudi nyuma nalo, uso wake umeelekea juani.